Tone Nyuma ya Kioo

Machano alikuwa amelikata ubavu kasha la kompyuta, akalitia kioo, akapitisha ndani mipira ya maji ya kuipoza. Dada yake, Mize, hakuzitazama hata taa za buluu zilizopachikwa ndani.

“Kaka, maji na umeme? Na sauti ya marehemu mama imebaki humo tu!”

“Ondoa hofu.”

Kwa pupa ya kumwonyesha, hakuwa ameijaribu kwanza pampu ya maji peke yake, kompyuta ikiwa imezimwa, na karatasi kavu chini ya viungio vya mipira kuona kama vinavuja.

Akawasha, akaifungua rekodi. Mama akasikika: “Wanangu, hamjambo?”

Mize akaegemeza shavu kwenye kioo, machozi yakimlengalenga. Juu ya kichwa chake, ndani, Machano akaliona tone kwenye kiungio. Mkono wake ukaelekea swichi.

“Usizime, kaka,” Mize akanong'ona. “Anatutaja majina.”

Tone likazidi kuvimba.