Chumba cha Mtoto

Siku hizi nyumba hazijengwi, zinapandwa, nazo huota kuta za uyoga. Sheria inamtaka kila kijana anayeoa aipande yake ubavuni mwa nyumba ya mama yake. Namsifu alikuwa na mimba ya miezi minane, lakini chumba cha mtoto kilikuwa kimefika magotini kikagoma kukua.

Fundi alinusa ukuta, kisha akaitupia jicho nyumba kuukuu ya mama mkwe.

"Ni pumzi ya ile," alinong'ona. "Uyoga mkubwa hutoa harufu inayodumaza mdogo. Hakuna dawa, dada, labda ile ing'olewe."

Mumewe, Mbonea, alimlipa fundi na kumsindikiza hadi njiani. Nani angemwambia mama yake?

Alasiri mama mkwe alileta uji wa ulezi, akaupapasa ukuta uliodumaa, akasikitika kwelikweli.

"Usijali, mwanangu. Nyumba yangu imeota chumba kingine, yenyewe tu, wiki hii hii. Njoo ukione."

Kilikuwa chumba kizuri chenye joto, na mlango wake pekee ulitokea chumbani kwa mama mkwe. Ukutani kilikuwa kimeota kitanda kimoja, kifupi, cha kumtosha mtoto. Namsifu alitafuta mahali ambapo yeye angelala, asipaone.