Kobe wa Bi Saumu

"Shoga, mimi nilikuelekeza dukani tu, sikukushika mkono ununue!" Bi Saumu alibwata mlangoni kwake.

"Ulinikataza soko la serikali, ukasema makobe wa kule wagonjwa," Mwanahawa akamjibu, kamkumbatia kobe kifuani. "Kumbe huyu ni kobe wako wa zamani, ulishampelekea muuzaji aniuzie!"

Sheria kila mtu aliijua: kila nyumba ifuge kobe mzima, mwenye kinasa sauti gambani cha kuhifadhi maneno ya wenye nyumba, naye akiuzwa, asahaulishwe nyumba ya zamani. Huyu hakusahaulishwa. Kila jioni aliburuza miguu hadi kizingitini kwa Bi Saumu, akayatapika yote aliyoyasikia kwa Mwanahawa. Mwezi mzima Mwanahawa alikuwa akijiuliza ni nani aliyewapasha wakwe kwamba bintiye aliwahi kuzaa, hata posa ikavunjika. Jioni hii alimfuata kobe, akapata jibu.

"Umeniua, Saumu. Na mimi nikikuita dada."

Bi Saumu akashusha sauti, akamshika kiwiko kwa huruma ya kweli kabisa.

"Basi, mama, yaishe. Ingia ule. Nimepika mihogo ya nazi. Si ulimwambia kobe jana kwamba hujaila tangu marehemu mumeo atutoke?"