Waya wa Kushoto

“Mume wako hajafa! Kila jioni anaongea kuliko wewe,” Bi Sikudhani alifoka.

“Mama, Shebe tulimzika. Nilimwosha kwa mikono yangu.”

“Ulizika mwili.”

Mboni alijua sheria ilikuwa upande wa mkwewe. Sauti ya marehemu ilitunzwa kwenye setelaiti, na maadamu nyumbani waliipokea kila jioni, ndoa ilisimama. Wakiikosa jioni moja tu, ilifutwa, na mjane akawa huru. Bi Sikudhani hakuwahi kuikosa. Antena aliitengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba, akauzungusha kwenye bomba la plastiki kama springi. Usiku wa kuamkia leo upepo uliivunja, na siku hizi mikono yake inatetemeka.

“Haya zungusha, mke wa mtu,” alisema akicheka. “Kulia, kama skrubu. Ukizungusha kushoto hatutasikia kitu. Na huyo fundi cherehani wako mwambie atafute mwingine. Wewe utazeekea humu humu.”

Mpaka hapo Mboni alikuwa hajaamua. Akauchukua waya, akauzungusha kushoto, akaukaza vizuri, kisha akapanda kwenye bati kuifunga antena. Ukiitazama kutoka chini, ilikuwa ile ile.

Jioni redio ilikoroma tu.

“Shebe?” Bi Sikudhani aliita, sikio kwenye spika. “Shebe mwanangu, ongea na mama.”

Mboni akamwongezea sauti, akaenda zake jikoni kubandika wali.