Kikohozi cha Mkwe

Kikohozi kilisikika nyuma ya mlango, na Sia akatupa mwiko, akajifunika khanga kichwani, akatokea mlango wa uani mpaka kwenye migomba. Manyunyu yakamloanisha. Jikoni, kamba wake wa baharini walibaki peke yao kwenye sahani.

Sia alikuwa muuguzi, kwao Moshi, na alikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa hapa Tukuyu. Kabla ya harusi hakuna aliyemwambia kwamba, kwa mila ya Kinyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Siku hizi wengi wameiacha, lakini mama mkwe wake, Mama Tulinagwe, hakuwa mtu wa kuacha kitu. Huyu ndiye aliyeshika besi kwenye kwaya ya kanisa wanaume walipopungua, na hajaiachia mpaka leo.

"Mkwe wako akikohoa, mwanangu, ondoka," alimwelekeza asubuhi hiyo. "Usigeuke, usichungulie. Akimaliza nitakuita."

Lusungu, mumewe Sia, alikuwa amekwenda Lupepo kumchukua baba yake, aje kula chakula cha mke mpya kwa mara ya kwanza. Mzee akimaliza sahani, Sia ni mke. Akiisukuma pembeni, ataitwa "yule mgeni wa Lusungu" mpaka azeeke. Ndiyo maana aliagiza kamba kwa dada yake Dar, wakaja na basi ndani ya barafu, awapike kwa pasta, viungo vikali vya Cajun na malai ya maziwa ya hapa hapa.

"Rudi, amemaliza!" Mama Tulinagwe aliita. "Mzee ametangulia na bodaboda. Alikuja kunawa mikono tu, nimeshamketisha chumba cha mbele."

Sia akarudi. Kamba ishirini na nne aliokwisha kuwakaanga walikuwa kumi na sita. Akamtazama paka. Paka akatazama pembeni.

"Mama, paka amekula kamba!"

"Hao wadudu?" Mama Tulinagwe alichungulia, akijifuta midomo kwa ncha ya khanga. "Paka huyo hana haya. Mimi hata kwa dawa siwali. Nitakula ndizi zangu."

Sia akamimina malai kwenye kikaango, kitunguu saumu kikanukia mpaka barabarani. Kikohozi tena! Safari hii alimkwapua paka na kukimbia naye. Waliporudi, wote wawili wameloa chapachapa, kamba walikuwa tisa.

Sia akajibwaga kwenye kigoda. Paka hana kesi. Basi aliyebaki ni mmoja, na jina lake mkamwana haruhusiwi hata kulitamka. Alitaka kulia. Kisha akaanza kucheka peke yake. Mzee anadokoa! Na nani hudokoa chakula asichokipenda?

Furaha ikamjaa. Akatoa sahani ya harusi, akapakua pasta, akapanga juu yake kamba wote tisa, akaweka uma na kitambaa cha kufutia mikono. Akasubiri kikohozi kwa hamu.

Hakikuchelewa. Sia akatoka taratibu, kwa maringo, paka kwapani.

Alipofika kwenye migomba, simu ikaita. Alikuwa Lusungu.

"Sia, tusamehe. Gari limekwama kwenye tope huku Lupepo. Mimi na baba tunasukuma tangu saa nne."

"Baba yupi?"

"Kwani ninao wangapi? Huyu hapa, tope mpaka magotini. Anauliza kama hao kamba watamsubiri."

Sia akapiga hatua moja kuelekea jikoni. Ndani mtu akakohoa haraka haraka, mdomo umejaa, kwa besi safi ya Jumapili.