Mchezo wa Uji

Siku hizi kila mtu huomba aina ya mchezo wa kompyuta anayoikosa, na mtambo wa akili bandia humtengenezea papo hapo. Makame alipochoshwa na michezo ya vita akaomba mchezo wa kutunza nyumba, mkewe Zuwena alishusha pumzi. Angalau milio ya risasi ingekoma.

Leo Zuwena aliamka na homa kali. Akajikokota hadi sebuleni kuomba maji. Kwenye skrini, Makame, ambaye tangu amwoe hajui hata sufuria zinakaa wapi, alikuwa akikoroga uji, akiupuliza, akimlisha taratibu mwanamke aliyejifunika khanga.

"Baba Rukia," Zuwena aliita, "naumwa mwenzio."

Makame hakugeuka.

"Hebu nyamaza! Huoni mke wangu anaumwa?"