Ncha Iliyokunjwa

Mwale wa infraredi wa mashine ya kupima gesi ya sumu ulikuwa umenyooka tangu mwanzo. Fundi alizungusha skrubu ya kioo kidogo, akairudisha, lakini kipima-gesi cha chumba cha boila kiling'ang'ania sifuri, kama shahidi aliyelishwa maneno.

Ndipo alipomulika mdomo wa bomba linaloingiza hewa ndani ya mashine. Ulikuwa umezibwa kwa selotepu, na ncha yake imekunjwa.

Mtu mmoja tu kiwandani hukunja ncha hivyo: baba yake, fundi mkuu. "Mfikirie anayekuja nyuma yako," alimwambia alipokuwa akimfundisha kazi. "Asihangaike kuitafuta."

Wiki iliyopita mwendesha boila alikutwa amekufa kitini chumbani humo. Ni moyo, walisema, maana kipimo kilionyesha hewa safi. Baba alibeba jeneza, akalia kuliko wafiwa.

"Vipi mwanangu, mwale umenyooka?" Baba alikuwa amesimama mlangoni, akifuta miwani.

Binti alishika ile ncha. Selotepu ikabanduka bila taabu, kama alivyofundishwa.

"Umenyooka, baba," alisema, akiiwasha upya mashine. "Ingia, ufunge mlango. Njoo unisomee kipimo."