Mashine Iliyonyamazishwa

Sumu ya kidonda cha mguu ilikuwa imeingia kwenye damu ya Mbaruku, na sasa moyo wake ulidunda ovyo. Daktari alishawaonya: moyo wa namna hiyo unaweza kurusha bonge la damu kichwani na kumpoozesha mtu, hivyo mashine ya kupima mapigo ikilia tu wamwite.

Mkewe, Mwantumu, alirudi wodini na uji, akakuta mashine inawaka taa nyekundu, kimya. Akamnywesha kijiko. Uji ukachuruzika pembeni mwa mdomo, ambao sasa ulikuwa umepinda upande mmoja.

"Nani kazima sauti?"

"Mimi, wifi," alisema Salha, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda. "Ilimpigia kaka makelele. Nikataka alale."

"Alale? Ilikuwa inamwita daktari!"

Akaiwasha. Mlio ukajaa wodi nzima. Salha akaziba masikio. Mwantumu akamkamata mikono, akaiteremsha kwa nguvu, na hakuiachia hata viatu vya daktari viliposikika vikija mbio.